Kidari cha Mtoto Mkubwa

Dar es Salaam,
1 Oktoba 2001

Mpendwa Mama Wenseslaus,

Shikamoo mama. Hunifahamu, lakini mimi nakufahamu kwa kusimuliwa. Naitwa Hadija Shakiru, natayarisha vipindi hapa kwenye televisheni alikokuwa akifanya kazi marehemu mwanao, Wenseslaus Tesha. Mimi ni mtoto wa Moshi mjini, baba yangu ni Shakiru fundi cherehani wa karibu na stendi. Wenzangu walipokuja Kilema kwenye mazishi mwezi wa tatu, mimi nilikuwa wodini najifungua. Kukosa siku ile kumenikaa rohoni mpaka leo.

Kituo kimeamua kumkumbuka kwa kipindi cha saa nzima, Ijumaa ya tarehe 21 Desemba. Nchi nzima inamjua Mama Sifa aliyekuwa akimwigiza, zile kanga mbili, kile kilemba, kikapu cha ndizi na maneno yasiyokauka. Aliyekuwa ndani ya kanga zile hawamjui. Ndiyo maana nakuandikia. Alikuwa mtoto wa namna gani? Shambani alifanya nini? Na je, unajua huyo Mama Sifa alimtoa wapi? Sisi tukimuuliza alikuwa anacheka tu na kubadilisha mazungumzo.

Bila ridhaa yako hatutaonyesha chochote. Bwana Thadeus, mkuu wetu wa vipindi, amekubali hilo.

Wako mtiifu,
Hadija Shakiru


Kilema,
11 Oktoba 2001

Kwako mwanangu Hadija,

Marahaba, tena marahaba mara mbili, moja yako na moja ya huyo mtoto uliyejifungua. Barua yako imefika kwa katekista, nimeifungua mwenyewe na kuisoma mwenyewe, maana wapo huku wanaopata barua wakaanza kukimbizana kutafuta wa kuwasomea. Mimi nilifika darasa la nne kwa masista, na la nne la wakati ule si kama la saba lenu hili. Mwandiko unauona. Sista alikuwa anaupitisha darasa zima ili wengine waone aibu.

Sasa andika vizuri, usikosee. Wenseslaus alizaliwa hapa hapa kihambani, katikati ya migomba, mvua inanyesha, na mkunga alisema mtoto mkubwa namna ile hajawahi kumshika. Alitembea akiwa na miezi tisa. Mtoto wa jirani alitambaa mpaka mwaka na nusu, jina silitaji, lakini anasoma matangazo kanisani siku hizi.

Akiwa darasa la tatu alimwigiza padre akihubiri, pua, kikohozi na yote. Padre akasikia. Akaja nyumbani, tukamkaribisha mtori wa ndizi, akasema, "Hebu niigize na mimi nione." Mtoto akasimama. Padre alicheka mpaka miwani yake ikatumbukia kwenye bakuli. Uliza Kilema yote, uliza na Mwika, mtoto gani mwingine ameangusha miwani ya padre kwenye mtori.

Kazi alifanya. Kahawa alichuma, ila debe lake lilijaa nusu, nusu nyingine alikuwa anasimulia. Lakini sikia, wenzake waliomsikiliza walijaza madebe yao bila kujua wamejaza. Mzee wangu, Mungu amweke pema, alikuwa anasema, "Huyu simlipi kwa kuchuma, namlipa kwa kuchumisha."

Huyo Mama Sifa namjua vizuri. Kipindi nakitazama kila Jumapili nikitoka misa, sikosi. Ni mwanamke fulani wa huko kwenu Dar es Salaam, muuza genge, mropokaji asiye na haya. Filbert, mdogo wake Wenseslaus, ndiye aliyenieleza. Hapa nyumbani mfano wa mwanamke kama huyo asingeupata. Mimi ni mtu wa maneno machache.

Na mimi nina swali langu, nalo ndilo kubwa. Krismasi tatu za mwisho mwanangu hakupanda Kilema. Unajua sisi Wachaga, Desemba hata aliye mbali kabisa anarudi, hata mgonjwa anabebwa. Yeye hakuja, akaleta vitenge na sukari kwa watu wa basi. Wewe ulikaa naye kazini. Aliwahi kusema nilimkosea nini? Alikufa ana hasira na mimi? Usinifiche kwa kunihurumia. Ukinijibu hilo, nitakupa mengine yote unayotaka.

Mimi mama mzazi wa Wenseslaus Tesha wa Televisheni,
Margareta Tesha


Dar es Salaam,
19 Oktoba 2001

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Asante kwa miwani ya padre, nayo itaingia kwenye kipindi.

Kuhusu hasira, sikuwahi kumsikia akikutaja kwa ubaya. Ila sitaki kukujibu kwa kubahatisha. Kwenye droo ya meza yake kumebaki madaftari saba makubwa, yale ya mistari. Hakuna aliyeyagusa tangu mwezi wa tatu. Nimepewa ruhusa ya kuyasoma na nimeanza. Mwandiko wake ni mbaya kama wa daktari. Kwenye kurasa nyingi za mwezi wa Desemba juu kumeandikwa "Kiboriloni". Je, alikuwa na biashara pale sokoni? Au ndugu?

Na mama, usinione mchokozi. Kipindi cha Mama Sifa hakijawahi kuwa Jumapili. Ni Ijumaa, saa mbili za usiku. Labda huko mnapata kwa njia nyingine.

Niambie pia, kwa nini unafikiri alikuwa na hasira? Kuna jambo lilitokea?

Mwanao,
Hadija


Kilema,
29 Oktoba 2001

Mwanangu Hadija,

Umenikamata. Baba yako ni fundi, lazima na wewe ungeona uzi uliolegea.

Televisheni sina. Nguzo za umeme zimefika barabarani, kwangu hazijaingia. Kwa jirani ipo, wanafungua mlango watu wanajaa, wengine wanachungulia dirishani wamesimama juu ya ndoo. Sasa niambie, mama wa mwenye televisheni asimame juu ya ndoo? Nilikataa. Wakiniuliza, "Mama Vensi, umemwona?" nasema nimemwona. "Alikuwaje?" Nasema, "Alikuwa vizuri sana, ila amekonda." Hilo la kukonda hakuna aliyewahi kulibisha.

Kiboriloni Wenseslaus hana biashara wala ndugu. Kiboriloni niko mimi. Siku za soko nateremka na ndizi, mshare na mzuzu, nakaa upande wa chini mkabala na duka la vitambaa la Jayant, Mhindi mmoja mwenye adabu, na jirani yangu pale ni Yuditha anayeuza maparachichi. Na nisikufiche, wateja wananipenda mimi kuliko wauza ndizi wote. Wananizunguka. Nikisema neno wanashikana mabega wanacheka, wananiambia, "Mama, rudia hapo!" Narudia. Wananunua. Yuditha ana wivu mpaka maparachichi yake yanaiva kabla ya wakati. Ni bahati tu niliyojaliwa, mtu akiniona anafurahi.

Sasa la hasira. Nitakueleza la kwetu, wewe ni Mwislamu wa mjini, huenda hulijui. Krismasi tunachinja mbuzi, na mbuzi huyo haliwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe. Kwetu kwa akina Tesha kidari, ile nyama ya kifua, ni cha mwanamume mkubwa wa nyumba. Alipofariki mzee wangu, kidari kikawa cha Wenseslaus. Asipokuwepo kinasubiri, kinatundikwa darini juu ya moto, moshi unakitunza. Hakuna anayekigusa. Ukikichukua ukampa mdogo wake, hujagawa nyama hapo, umetangaza kwamba mkubwa hahesabiwi tena. Ukoo mzima unaelewa bila kuambiwa.

Krismasi ya mwaka tisini na nane nilikitundika. Sokoni wakaniuliza, nikasema, "Alikuja jana, mmepishana naye." Ya tisini na tisa nikakitundika tena, nikasema vile vile, alikuja jana. Nilidanganya sana, Hadija, mpaka nilikuwa naeleza alivyokula. Ya mwaka jana nilichoka. Nilimpa Filbert kidari mbele ya wajomba wote. Filbert mwenyewe alikitazama kama nimempa nyoka.

Mwezi wa tatu wakaniletea mkubwa wangu ndani ya sanduku. Homa ya siku nne tu.

Basi ninachotaka kujua ni kimoja. Alipata habari ya kidari? Watu wa Kilema wako tele huko Dar, na midomo wanayo. Alikufa anajua kwamba mama yake alimfuta? Tafuta kwenye hayo madaftari. Likiwepo, niandikie kama lilivyo.

Margareta


Dar es Salaam,
7 Novemba 2001

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma yote saba. Umesema nikuandikie kama ilivyo, na mimi naanza na kosa langu.

Barua yako ya kwanza niliisoma ofisini kwa sauti. Nilipofika kwenye mtoto wa jirani aliyetambaa mwaka na nusu, watu walianza kucheka. Nilipofika kwenye "mimi ni mtu wa maneno machache", Bwana Thadeus aliporomoka kwenye kiti kwa kicheko. Akaniuliza, "Hii umeitoa wapi? Hii Vensi aliiandika lini?" Walidhani ni mchezo wa Mama Sifa ambao haujachezwa. Nikaitazama sahihi yako chini, nikaona aibu, nikaikunja. Nisamehe.

Mama, hakuna mwanamke wa Dar es Salaam. Mama Sifa ni wewe.

Wateja wa Kiboriloni wana televisheni. Wanakujua. Wanaposema "rudia hapo" ni kwamba wamelisikia neno lile lile Ijumaa.

Sasa madaftari. Nanakili bila kubadilisha.

Desemba 1997, mara yake ya mwisho kupanda: "Mama amevaa viatu siku nzima, hata jikoni. Anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Ananiita 'mheshimiwa'. Hajamsema mtu hata mmoja. Nimemkosa mama nikiwa naye."

Tarehe 23 Desemba 1998: "Kiboriloni. Jayant amenipa kiti nyuma ya marobota ya vitambaa, dirisha linatazama ndizi. Mama huyu hapa, yule yule! Nimejaza kurasa kumi na moja. Nikipanda Kilema nitaulizwa naigiza nani, na siwezi kumdanganya tukitazamana. Nikimwambia, atanyamaza daima. Mwakani nitamwambia."

Tarehe 22 Desemba 1999: "Anamwambia Yuditha kwamba nilikuja jana, nikala sahani mbili za machalari. Niko hatua kumi kutoka kwake. Njaa imeniuma. Mwakani nitamwambia."

Na tarehe 23 Desemba mwaka jana, Jumamosi, siku mbili kabla hamjachinja: "Leo hakusema nilikuja. Yuditha amemchokoza, naye akasimama juu ya kreti akatangaza soko zima: Mwaka huu kidari kinakwenda kwa Filbert! Huyo mkubwa na atafune televisheni, nasikia ina nyama nyingi!"

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo. Alijua, tena alisikia kwa masikio yake, kutoka mdomoni kwako. Chini yake ameandika mstari mmoja: "Hili ndilo bora kuliko yote aliyowahi kusema. Litumike lote."

Alilitumia. Februari alirekodi kipindi kinachoitwa "Kidari". Kwenye neno la kutafuna televisheni mafundi wa kamera walicheka mpaka ikabidi warudie mara tatu. Akaumwa kabla hakijaonyeshwa, kikafungiwa kabatini. Bwana Thadeus anataka kiwe ndicho cha kufungia ile saa ya kumbukumbu. Ila sehemu ya mwisho, kama dakika mbili, anataka ikatwe. Anasema Mama Sifa hatamki neno hata moja pale, na watu hawatacheka.

Nimekupelekea mkanda wa video kwa Jayant, nimempigia simu dukani, ana mashine ya kuonyeshea nyumbani kwake. Tazama kwanza. Usiporidhika hautaonyeshwa, hata kama Bwana Thadeus atanifukuza kazi.

Mwanao,
Hadija


Dar es Salaam,
26 Novemba 2001

Mama,

Shikamoo. Wiki tatu zinakaribia, sina jibu. Jayant anasema mkanda bado uko dukani kwake, hujaenda kuuchukua. Baba yangu alipita Kiboriloni siku ya soko kukusalimia, akasema ulimuuzia ndizi bila kufungua mdomo, ukamwonyesha bei kwa vidole.

Kama nimekuumiza, niambie hata kwa mstari mmoja.

Hadija


Kilema,
29 Novemba 2001

Dada Hadija,

Mambo vipi. Mimi ni Filbert, mdogo wake bro Vensi. Mama hajui kama nakuandikia.

Dada, umetupiga bomu. Mama kanyamaza. Sokoni anakaa kama sanamu ya kanisani. Wateja wanakuja, wanasubiri, wanaangaliana, wanaondoka. Yuditha mwenyewe, ambaye kila siku wanagombana, alimletea parachichi la bure, akamwambia, "Mama Vensi, nitukane basi hata kidogo." Wapi.

Mimi ndiye niliyemdanganya kwamba Mama Sifa ni mtu wa Dar. Nilikuwa naangalia kwa jirani kila Ijumaa, nacheka mpaka nalia, halafu narudi nyumbani namkuta Mama Sifa mwenyewe anapepeta maharage. Ningemwambiaje?

Jana ameniuliza swali moja tu. "Filbert, walikuwa wananicheka au wananichekea?" Nikamwambia, mama, sijui tofauti. Akasema, "Basi itabidi nikaone mwenyewe." Akanipa kanga ya harusi nimpelekee mwenye pasi ya mkaa.

Nadhani anaenda. Usikate tamaa.

Filbert Tesha


Kilema,
9 Desemba 2001

Mwanangu Hadija,

Nilinyamaza ili nijue inavyokuwa. Inachosha. Wanaoweza kunyamaza maisha yao yote nawavulia kilemba.

Nitakueleza kwa mpangilio. Jumamosi nilivaa kanga ya harusi, nikaenda dukani kwa Jayant, nikamkuta anapima kitambaa. Nikamwambia, "Jayant, miaka mitatu unamficha mwanangu nyuma ya marobota, na mimi nakuuzia mshare mzuri kuliko wa wote."

Akaweka mkasi chini. "Shikamoo Mama Vensi. Yeye alinikataza. Alisema nikisema atahamia duka la mwenzangu."

"Alikuwa anakaa wapi?"

Akanionyesha. Kigoda kifupi kama cha kukamulia ng'ombe, na dirisha lenye nondo. Nikakaa. Unajua panaonekana nini kutoka pale? Mgongo wangu na nusu ya uso. Upande ule wenye jino lililong'oka! Kwa nini hakuchagua upande wa pili? Maduka yapo.

Nikamuuliza, "Alikuwa anacheka?"

Jayant akasema, "Anacheka, anaandika. Halafu ukifunga vikapu unaondoka, hachomoki. Anakaa hapo mpaka mimi nafunga duka. Kila mwaka namwambia, Vensi, panda, ni safari ya saa moja tu. Anasema mwakani, bwana Jayant, mwakani."

Nilikuwa nawaza kwamba miaka ile miwili niliyowaambia watu mwanangu amekuja, nikaenda kuungama kwa padre kwamba ni uongo, na padre akanipa sala kumi, kumbe alikuwa amekuja kweli. Zile sala padre atanirudishia vipi? Nitamuuliza.

Tukaenda nyumbani kwake. Mkewe Anusuya akanipa chai yenye tangawizi, kali, ilinitoa machozi kabla televisheni haijanitoa. Wakaweka mkanda.

Hadija, ni mimi. Yesu na Maria, ni mimi mtupu! Nilimwona mwanangu ndani yangu, sijui nikuelezeje. Mabega ni yangu, shingo ni yangu, namna ya kumtazama mtu kuanzia viatuni. Nilitaka kukasirika nikashindwa kupata nafasi, kwa sababu nilikuwa nacheka. Lile neno la kutafuna televisheni nililipenda. Nililisema vizuri. Anusuya alilia kwa kucheka akaniegemea, nikamwambia, "Egemea tu mwanangu, na mimi namchekea huyo mwanamke." Basi Filbert anayo majibu yake.

Makosa yapo, yaandike. Kanga nafungia kulia, yeye amefungia kushoto. Ameshika mzuzu akaita mshare, na ni mtoto wa Kilema, hiyo ni aibu kwa ukoo. Na mimi sijawahi kumwita mtu "kapu la mitumba". Nilisema gunia.

Sasa nakuja kwenye zile dakika mbili.

Mama Sifa amegawa nyama. Kidari kimekwenda kwa mdogo, watu wamecheka, wametoka nje kunywa mbege. Amebaki jikoni peke yake. Anatazama mlangoni. Anachukua kisu kidogo, anavuta sahani ya mdogo, anakata kidari upande wa chini, kipande kama kiganja. Anakifunga kwa jani kavu la mgomba. Anapanda juu ya kigoda, anakisukuma darini, nyuma kabisa ya kuni, pasipoonekana. Anashuka, anafuta mikono kwa kanga. Basi, picha ikakatika.

Anusuya akaniuliza, "Mama, mbona umesimama?" Sikujua kama nimesimama.

Hadija, hivyo ndivyo nilivyofanya. Tarehe 25 mwaka jana, Filbert na wajomba wakiwa nje. Nilikata upande ule ule wa chini. Nilikifunga kwa jani kavu, nikakiweka nyuma ya kuni. Nilijifanyia kwa siri kwa sababu nilishatangaza soko zima na sikutaka kuonekana nimerudi nyuma. Sikumwambia Filbert, sikumwambia Yuditha, padre sikumwambia maana sikujua kama ni dhambi au si dhambi.

Nikamuuliza Jayant, "Nani alimwambia?"

Akasema, "Amwambie nini?"

"Mwanangu aliondoka hapa lini?"

"Dukani alitoka Jumamosi hiyo hiyo ya tarehe 23. Kesho yake mimi mwenyewe nilimsindikiza kwenye basi la Dar."

Nimehesabu tangu siku ile, naenda nyuma, naenda mbele. Mbuzi alikuwa bado anakula majani nyuma ya nyumba yangu wakati Wenseslaus yuko kwenye basi. Hakuona na hakuna aliyemwambia. Alinisikia nikipiga kelele juu ya kreti kwamba simpi, akaenda zake, akakaa Dar es Salaam, akajua kitakachofuata. Alijua mama yake atakata kipande. Alijua mpaka nitakificha wapi.

Wewe uliyesoma, na mwenye madaftari saba, nitafutie kama hilo ameliandika popote. Nadhani hutaliona. Nadhani hakuhitaji kuliandika.

Kile kipande kilikaa darini mpaka mwezi wa tatu. Siku walipomleta nilikishusha. Nilichokifanyia ni changu mimi na yeye, hicho televisheni yenu haikipati.

Ridhaa yangu unayo. Onyesheni kipindi, na jina langu mliandike kamili, herufi kubwa, Margareta. Siku hiyo nitakuwa kwa jirani, na nimeshamwambia nataka kiti cha mbele chenye mgongo, si ndoo.

Na huyo Bwana Thadeus wako mwambie asikate pale mwisho. Anaogopa watu hawatacheka. Wamecheka saa nzima, waache wanyamaze dakika mbili, hawatakufa.

Mama yake Wenseslaus,
Margareta Tesha